LANGO LA KOMPYUTA: NANI ANARUHUSIWA KUFUNGUA FAILI LAKO LA AFYA?



Ukifika zahanati, karani anapokea kadi yako, anageukia kompyuta, anaandika kitu kifupi, anasubiri kidogo, kisha jina lako linatokea. Watu wengi wanatuuliza sisi wahudumu wa afya wa kujitolea: hicho anachoandika kwanza ni nini? Na kama yeye anaweza kuona mambo yangu, nani mwingine anayaona? Mama mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini kama wale wanaosimamia orodha ya msaada wa pesa wanaweza kusoma kwamba yeye anameza dawa kila siku. Nilimjibu "hapana" kwa sababu nilitaka atulie. Ukweli ni kwamba sikujua.

Baadaye nilipata nafasi ya kwenda Kigali pamoja na wenzangu wawili, kwa mafunzo ya siku tano juu ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa kwa kompyuta. Nimerudi na majibu, ingawa mengine yananiaibisha mimi mwenyewe. Nitayaeleza pole pole.

Irembo ni nini?

Katika Kinyarwanda, irembo ni lango la kuingilia nyumbani kwa mtu. Wengi wenu mnalijua neno hilo kwa sababu ni jina la kampuni ya Kigali ambayo tangu mwaka 2015 inawawezesha watu kuomba vyeti na kulipia huduma za serikali kwa intaneti, au kwa simu ya kawaida kwa kupiga *909#. Jina hilo lilichaguliwa vizuri. Kila mfumo wa kompyuta una irembo lake. Ni ule ukurasa wa kwanza wenye nafasi mbili za kujaza, ya juu jina la mtumiaji na ya chini neno la siri. Hicho ndicho kitu kifupi anachoandika karani kabla hajakutafuta.

Lango hilo lina mambo mawili, na watu wengi huyachanganya. La kwanza ni sura yake: nembo ya shirika, rangi, jina, maneno ya kukaribisha, lugha. La pili ni kanuni: nani apite, akishapita afike chumba gani, na mlango ufungwe baada ya muda gani. Huko kwetu tajiri anaweza kupaka lango lake rangi inayong'aa na kuchora simba wawili, na bado mbuzi wa jirani wakapita chini.

Mkufunzi wetu alianza na sura. Alitumia programu inayoitwa DHIS2. Inatengenezwa katika Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, inatolewa bure, na Wizara ya Afya ya Rwanda inaitumia tangu mwaka 2012 kukusanya takwimu za vituo vya afya. Chanjo za korona zilipoanza mwaka 2021, waliochanjwa nchini Rwanda waliandikishwa kwa programu hiyo hiyo, na wakimbizi walikuwa miongoni mwao. Kwa hiyo usidhani ni jambo la mbali na wewe.

Alifungua sehemu ya mipangilio. Akabadilisha jina la juu, akachagua bendera, akaweka nembo, akaandika maneno mawili matatu ya utangulizi, na chini kabisa akaandika mtu wa kupigiwa simu kama kuna tatizo. Dakika kumi hazikuisha. Ukurasa uliokuwa mtupu ukafanana na wa ofisi kubwa. Sisi tukapiga makofi. Yeye hakucheka. Alituuliza: "Mimi nimetumia dakika kumi. Mwizi atatumia ngapi?"

Nembo si ushahidi

Swali hilo lilinikumbusha kijana mmoja wa mtaa wetu. Alinijia jioni na simu, furaha imemjaa. Alikuwa ametumiwa ujumbe wa kuandikishwa kwenda Kanada. Ukibonyeza, unaletwa kwenye ukurasa wenye rangi ya buluu, na ile nembo ya mikono inayomkinga mtu tunayoiona kila siku kwenye mahema. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Ukurasa uliomba namba ya kadi ya mkimbizi, namba ya simu, na neno la siri la pesa za simu "kwa uhakiki". Yeye alikuwa tayari ameandika mawili ya kwanza.

Ndugu msomaji, nembo ni picha, na picha yeyote anaweza kuinakili. Ukitaka kujua lango ni la nani, angalia anwani iliyoandikwa juu kabisa ya ukurasa. Nayo ina namna yake ya kusomwa. Ruka alama za mwanzo (https://), kisha chukua jina linalofuata mpaka kwenye mkwaju wa kwanza. Jina hilo lisome kutoka mwisho kurudi nyuma, kama unavyomuuliza mtu kwanza nchi yake, halafu mkoa, halafu kijiji. Mfano, irembo.gov.rw: mwisho ni rw, yaani Rwanda, kabla yake ni gov, yaani serikali, kabla yake ndipo jina lenyewe. Anwani zinazoishia .gov.rw hutolewa kwa taasisi za serikali. Mwizi anaweza kuandika neno irembo, au unhcr, mahali popote mwanzoni mwa anwani yake, hata mara tatu. Kitu kinachomshinda ni ule mwisho. Anwani za UNHCR huishia unhcr.org.

Wengine hufundishwa kuangalia alama ya kufuli kando ya anwani. Ni vizuri iwepo, lakini isikudanganye. Kufuli inasema tu kwamba hakuna mtu wa katikati anayesoma unachotuma. Haisemi kama huyo unayemtumia ni mwaminifu. Wezi nao wana kufuli siku hizi.

Tena kumbuka mambo ambayo hayahitaji hata kuangalia anwani. Huduma za UNHCR hazilipiwi, na kupelekwa nchi ya tatu pia hakulipiwi. Hakuna ofisi ya kweli, ya afya wala ya pesa, inayohitaji neno lako la siri la simu ili ikutambue. Yule kijana tulimsaidia kutoa taarifa ofisini kabla hajaandika la tatu. Alibaki na huzuni kwa siku kadhaa, na mimi naielewa. Si rahisi kuambiwa kwamba mlango uliouona ulikuwa umechorwa ukutani.

Sasa tuje kwenye kanuni

Kupamba ukurasa kulichukua asubuhi moja. Siku zote zilizobaki zilikwenda kwenye kanuni, na tuligombana sana, kwa sababu kila mmoja alitaka kuona kila kitu.

Hapa mfano wetu ulikuwa programu nyingine, OpenMRS, ambayo hutunza faili la mgonjwa mmoja mmoja. Ilianza kutengenezwa mwaka 2004, na mwaka 2006 ikaanza kutumika Eldoret nchini Kenya, kisha Rwinkwavu hapa Rwanda, mashariki mwa nchi, hasa kwa wagonjwa wa UKIMWI na kifua kikuu. Wagonjwa wa aina hiyo hutibiwa kwa miaka mingi, karatasi zao hupotea, na pia wana sababu nyingi za kuogopa macho ya watu.

Katika programu kama hiyo, kila mfanyakazi hupewa wadhifa, na kila wadhifa una ruhusa zake. Karani wa mapokezi anaweza kutafuta jina, umri na namba ya kadi, na kuandika kwamba umefika. Hana sababu ya kusoma majibu ya damu. Muuguzi anaandika uzito, joto na presha, na anaona historia yako. Mtu wa maabara anaona kipimo alichoombwa. Mtu wa dawa anaona dawa ulizoandikiwa. Yule wa takwimu, anayepeleka ripoti ya mwezi, anahitaji hesabu tu: watoto wangapi waliharisha, wangapi walikuwa na malaria. Yeye hana haja ya jina la mtu hata mmoja.

Halafu kuna kanuni ya mahali. Katika DHIS2 mtumiaji hufungiwa kwenye kituo chake. Wa zahanati ya hapa anaandika ya hapa. Wa wilaya anaona vituo vilivyo chini yake. Je, ukipewa rufaa ukalazwa Kigali na daktari wa kule anahitaji faili lako? Kuna namna nzuri sana ya kulipanga jambo hilo, na mimi niliipenda kuliko yote. Faili la mtu wa kituo kingine linaweza kuwekwa nyuma ya kioo. Daktari anaruhusiwa kukivunja, lakini kwanza mfumo unamwambia aandike sababu, na sababu hiyo inabaki pamoja na jina lake na saa. Mtu mwenye sababu ya kweli haimgharimu kitu. Mwenye umbea tu, mkono unamtetemeka.

Kanuni za neno la siri mnazijua kidogo kutoka kwenye simu zenu. OpenMRS kwa kawaida hudai herufi nane au zaidi, kubwa na ndogo, pamoja na tarakimu, na hukataa neno la siri linalolingana na jina la mtumiaji. Ukikosea mara nyingi, inakufungia nje kwa muda, ili mtu asikae anabahatisha usiku kucha. Kuna kanuni moja ambayo hakuna programu inayoweza kuitimiza peke yake: programu ikifungwa mara ya kwanza huja na neno la siri la kiwandani, ambalo limeandikwa kwenye vitabu vya maelekezo na linajulikana dunia nzima. Lazima mtu alibadilishe siku hiyo hiyo. Mkufunzi alisema ndilo la kwanza analolijaribu anapofika kituo kipya, na kwamba haipendezi linapofungua.

Kwa wale wanaodhani lango ni lazima liwe ukurasa, si hivyo. Mwaka 2009 wahudumu wa afya wa vijiji vya Rwanda, abajyanama b'ubuzima, walianza katika wilaya ya Musanze kutuma habari za wajawazito kwa ujumbe mfupi wa simu, katika mpango wa RapidSMS, uliofika baadaye nchi nzima. Hapo hakuna nembo wala rangi. Namba ya simu iliyosajiliwa ndiyo ufunguo. Kwa hiyo mhudumu akimwazima shemeji yake simu, amemwazima na ufunguo wa wilaya.

Kosa langu

Kabla ya mafunzo hayo nilikuwa nasaidia katika kituo kimoja ambacho sitakitaja. Kompyuta ilikuwa moja, na neno la siri lilikuwa moja kwa watu wote, limebandikwa kwa karatasi chini ya kibao cha herufi. Tuliona ni jambo la udugu. Nani atamnyima mwenzake?

Siku moja foleni ya kupima watoto ilikuwa ndefu, nikaitwa nikasaidie kwenye mizani. Niliacha ukurasa wazi. Nadhani sikukaa nje zaidi ya robo saa. Kijana aliyekuwa amesubiri kwenye benchi alisogea, akasoma orodha iliyokuwa kwenye kioo. Ilikuwa orodha ya watu wanaopaswa kuchukua dawa wiki hiyo. Humo alikuta jina la mwanamke anayeishi nyumba ya tatu kutoka kwao.

Mwisho wa wiki mtaa mzima ulijua. Mwanamke yule hakuja kuchukua dawa wiki hiyo, wala iliyofuata. Nilipokwenda kwake alinifungulia mlango nusu. Hakunitukana. Aliniuliza tu: "Wewe ni nani mpaka jina langu likae mikononi mwako?" Tuliomba muuguzi mkubwa amtembelee, na baada ya muda alikubali kuendelea na dawa zake, lakini anazichukulia mbali, kwa nauli yake mwenyewe. Mimi sina namna ya kumrudishia alichopoteza.

Msimamizi alipotaka kujua nani alifungua orodha ile, mfumo ulitaja jina moja, lile la wote. Ni sawa na kumtafuta mtu kwa kuuliza "mwana wa Adamu". Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kila mfanyakazi lazima awe na jina lake na neno lake la siri, hata kama ni watatu tu na wanakula sahani moja. Anayemnyima mwenzake neno la siri anamlinda pia. Kesho likiharibika jambo, lisiandikwe kwa jina la asiyehusika.

Nimeiandika habari hii kwa ruhusa ya mwanamke mwenyewe. Alisema iandikwe, ila majina yasiwepo.

Sheria inasemaje?

Rwanda ina sheria Na 058/2021 ya tarehe 13/10/2021 inayohusu ulinzi wa taarifa za mtu na faragha yake. Wengine husema sheria kama hiyo ni ya wenye nchi. Sivyo. Inahusu taarifa za watu walioko Rwanda, na mkimbizi yumo. Hali ya afya ya mtu imewekwa katika kundi la taarifa nyeti, zinazotakiwa kutunzwa kwa uangalifu zaidi. Una haki ya kuuliza ni taarifa gani zako zinatunzwa na kwa ajili gani, na kuomba zilizokosewa zisahihishwe. Tarehe ya kuzaliwa iliyokosewa, kwa mfano, usiiache kwa kuona ni jambo dogo. Inaweza kumpa mtoto wako kipimo cha dawa kisicho chake. Na taarifa za watu zikivuja, anayezitunza anatakiwa kuijulisha mamlaka husika ndani ya saa 48 tangu alipojua. Mamlaka hiyo ni ile ya taifa ya usalama wa mitandao, na ofisi yake ya ulinzi wa taarifa iko Kigali.

Najua kwamba kati ya sheria iliyoandikwa na benchi la zahanati kuna umbali. Lakini swali lako kwa karani halihitaji kwenda Kigali. Muulize kwa heshima: "Tafadhali, hapa nani anaona faili langu?" Ukiona kioo cha kompyuta kimeelekezwa kwenye foleni, sema kigeuzwe. Ukiona mhudumu, hata kama ni mimi, ameondoka na ukurasa uko wazi, mwite arudi aufunge. Hakuna atakayekukasirikia, na akikasirika, mwambie msimamizi wa zamu. Wala usikubali kusomewa majibu yako kwa sauti dirishani.

Na wewe kwa upande wako, ukisaidiwa na mtu wa kioski kujaza fomu ya intaneti, kaa kando yake mpaka atoke kwenye ukurasa. Usimwachie kadi. Ujumbe wa tarakimu unaoingia kwenye simu yako ni wako peke yako. Ukishamsomea, umemfungulia.

Yaliyobadilika

Tuliporudi tuliwaomba wasimamizi mambo machache, na mengi yamefanyika. Kila mmoja wetu ana jina lake la kuingilia. Ukurasa ukiachwa bila kuguswa kwa dakika tano unajifunga wenyewe. Wauguzi walilalamika mwanzoni kwamba wanaandika neno la siri mara ishirini kwa siku, na ni kweli linachosha. Sisi wa kujitolea tunaona sasa jina, mtaa na siku ya kurudi tu. Kwa nini mtu anarudi, hatuoni. Na kwenye ukurasa wa kuingilia, chini ya nembo, yamewekwa maneno ya Kiswahili na Kinyarwanda. Tulibishana juu ya maneno hayo siku nzima. Yaliyoshinda yanasema: "Unayemfungua yuko nje anakusubiri."

Yule mama aliyeniuliza kwa sauti ya chini, nilimrudia. Nilimweleza kwamba hapa kwetu mafaili ya zahanati na orodha ya msaada wa pesa haviko katika mfumo mmoja, na kwamba anayefungua huu hana ufunguo wa ule. Aliniuliza nimejuaje safari hii. Nikamwambia nimeuliza, nikaonyeshwa.

Wanaotaka kuonyeshwa jinsi ya kusoma anwani ya ukurasa kwenye simu zao waje kwenye kibanda cha habari za afya, kando ya mahali pa kupimia watoto, siku za Jumanne na Alhamisi mchana. Njoo na simu yako. Neno la siri utaliandika mwenyewe, na sisi tutageuka.